Mti Unaostahimili Baridi Si Lazima Utufae: Kuchagua Miti ya Matunda Kuanzia Manyovu Hadi Tabora

Siku hizi si ajabu kukuta miche ya tofaa ikiuzwa kando ya barabara Kasulu au Tabora mjini, imo kwenye viriba vyeusi, na muuzaji anaisifia kwa neno moja: inastahimili. Hadanganyi. Tofaa nyingi zinavumilia baridi kuliko mti wowote wa matunda tuliouzoea huku. Shida ni kwamba sifa hiyo haina kazi Kigoma wala Tabora, na mara nyingi ndiyo inayomponza mnunuzi, kwa sababu mti unaovumilia baridi kali kwa kawaida ndio huohuo unaoidai.

Sifa hiyo ilizaliwa kwenye nchi zenye barafu. Mwaka 1960 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha ramani ya kanda za baridi, kila kanda ikipishana na jirani yake kwa nyuzi 5.6 za Selsiasi. Kinachopimwa ni wastani wa usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka. Ramani hiyo inajibu swali moja tu: je, mti huu utakufa kipupwe? Kwa mkulima wa Canada au Urusi hilo ni swali zito. Maji yaliyo ndani ya mti huganda, gome hupasuka, macho ya maua hukauka kabla hayajafunguka. Kwa hiyo hutafuta miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa, juu ya shina la Antonovka, tofaa ya Kirusi inayovumilia karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na vichakani hupanda kuranti ambazo hazijali theluji.

Milima ya Buhigwe na Heru Juu, mkoani Kigoma, haina majira ya kuua mti kwa barafu, hata wiki ile ya Julai ambayo watu huota moto mpaka saa tatu asubuhi. Kwa hiyo ukisoma kwenye lebo ya mche kwamba unafaa kanda ya tatu au ya nne, yaani zile za baridi kali, umepewa jibu la swali ambalo shamba lako halijawahi kuuliza.

Baridi inayoamsha

Baridi ina kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayotuhusu. Tofaa, peasi, plamu na pichi hupukutisha majani na kuingia katika hali ya bwete. Jicho la ua likishalala, haliamki kwa sababu tu jua limerudi. Linasubiri hadi litimize kiasi fulani cha saa za ubaridi, na kipimo cha zamani huhesabu kila saa ambayo joto liko chini ya nyuzi 7.2. Tofaa nyingi za Ulaya zinadai saa 800 hadi 1,000, yaani zaidi ya mwezi mzima wa baridi ikiunganishwa usiku na mchana. Mti unajikinga kwa namna hiyo: ungeamka kwa siku mbili za joto katikati ya kipupwe, maua yake yangeungua na baridi wiki inayofuata. Na ndiyo maana aina ngumu kabisa, zile za Urusi na Siberia, ni mbaya kwetu kuliko zote. Zitaishi, zitatoa majani, lakini usitegemee tunda.

Ukihesabu saa za ubaridi peke yake bado utajidanganya. Mwaka 1974 watafiti wa jimbo la Utah, Marekani, walitoa kipimo kingine kilichotengenezwa kwa ajili ya pichi. Ndani yake saa zenye joto la nyuzi 2.5 hadi 9 ndizo zinazofaa kuliko zote, na saa yenye joto la juu ya nyuzi 16 hivi inapunguza hesabu badala ya kuongeza. Kwa lugha ya shambani, usiku unaweka akiba na mchana unaitoa. Nyanda zetu za juu zina usiku wa ubaridi na mchana wa jua kali, kwa hiyo akiba haijai.

Sasa tuangalie tuna baridi kiasi gani hasa. Joto hushuka kwa nyuzi 6 au 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya Manyovu na Heru Juu inavuka mita 1,500. Ikiwa alfajiri ya Julai Kigoma mjini ni nyuzi 17, Manyovu itakuwa nyuzi 12 hivi. Tabora iko karibu mita 1,200, na alfajiri za Juni na Julai huko hucheza kwenye nyuzi 15. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa 7.2. Mabondeni hali hubadilika kidogo, kwani hewa baridi ni nzito na hutiririka usiku kwenda chini kama maji, kwa hiyo bonde la Buhigwe linaweza kuwa na ubaridi kuliko mlima ulio juu yake. Asikushawishi mtu kupanda huko kwa sababu hiyo. Udongo wa bondeni hutuama maji Machi na Aprili, na mizizi ya tofaa na ya parachichi inaoza ndani ya maji hayo mapema kuliko vile ubaridi utakavyokusaidia.

Kama huna kipimajoto, tazama majirani zako wamepanda nini. Pale michikichi inapobeba mikungu mizito, hapo ni joto, achana na hadithi za tofaa. Pale kahawa ya arabika inapostawi bila kivuli kingi, kama Manyovu, hapo kuna ubaridi wa kufanyia kazi. Ukitaka uhakika zaidi, nunua kipimajoto cha kawaida, kitundike kivulini kwenye urefu wa kifua, mbali na ukuta wa nyumba, na usome kabla jua halijachomoza Juni na Julai nzima. Ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto usiku na utakupa namba ya uongo.

Kama ni lazima iwe tofaa

Tofaa iliyokosa ubaridi unaitambua kwa macho. Tawi linakuwa refu na tupu, limebaki na kishada cha majani kwenye ncha. Maua yanatoka machache, leo matatu, baada ya wiki mbili mawili, kwa hiyo hayakutani kuchavushana. Hakuna dawa wala mbolea ya kuponya hilo. Ukiongeza samadi unaongeza majani.

Hata hivyo tofaa hulimwa katika nchi za joto, na mbinu inajulikana. Batu, mashariki mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, wakulima wanavuna tofaa mara mbili kwa mwaka bila kipupwe chochote. Wanachofanya ni kutouacha mti ulale. Jicho la ua likishakomaa, lakini kabla halijazama kwenye usingizi mzito, majani yote yanaondolewa kwa mkono, karibu mwezi mmoja baada ya mavuno. Jani ndilo linalolizuia jicho lisifunguke. Likiondoka kwa wakati wake, jicho linafunguka bila kudai saa zake. Ukichelewa, usingizi umeshaingia na umepoteza msimu.

Kwa mtu wa Buhigwe au Kasulu ya juu, aina za kujaribu ni zile zinazodai ubaridi kidogo. Anna, iliyozalishwa Israeli, inataka saa 200 hadi 300. Dorsett Golden, iliyookotwa Bahamas, inaridhika na 100 hivi. Panda zote mbili, zisiachane zaidi ya mita 10 au 15, kwa sababu Anna haijitoshelezi kwa chavua na Dorsett Golden huchanua wakati mmoja nayo. Anayeuziwa mche mmoja wa Anna auweke peke yake mbele ya nyumba ameuziwa mti wa kivuli.

Uliza pia shina la chini ni lipi, yaani lile lenye mizizi ambalo tofaa yako imebebeshwa juu yake. Yale yenye herufi MM yalizalishwa Uingereza makusudi ili yasishambuliwe na kidukari wa manyoya, mdudu anayefanya vinundu kwenye mizizi. MM111 linavumilia ukame vizuri. MM106 ni zuri ila lina udhaifu wa kuoza shingoni pakiwa na unyevu mwingi. M9 ni fupi mno, linahitaji mti wa kuliegemeza maisha yake yote na kumwagiliwa bila kukosa. Kwa kiangazi chetu cha miezi mitano, M9 liache.

Kupukutisha kwenyewe kufanye mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, mti ukiwa na miaka miwili au mitatu. Mwezi mmoja kabla, punguza maji ili matawi yaache kurefuka, na yale yaliyosimama wima yavute kwa kamba mpaka yalale nusu, maana tawi lililolala hutoa maua na lililosimama hutoa majani. Halafu ondoa majani. Hapa wengi huharibu: wanashika jani na kulivuta kwenda chini, na jicho lililo kwapani linang'oka pamoja nalo pamoja na kipande cha gome. Tumia mkasi. Kata bapa la jani, kikonyo chake kiache. Baada ya siku kadhaa kitadondoka chenyewe bila kidonda. Ukimaliza mti mzima, mwagilia kwa wingi, lita 40 hadi 60 kwa mti mdogo, na uendelee kila wiki. Maua yatatoka Agosti, wakati hewa ni kavu, nyuki wanatembea na kuvu hazina nguvu. Matunda ya Anna hukomaa baada ya miezi mitatu na kitu, mvua zikiwa zimeanza.

Hiyo ni kazi ya mtu mwenye maji ya uhakika na miti michache. Ukisikia mtu anapanga ekari mbili za tofaa Urambo, mwambie ahesabu kwanza vidole vya kupukutisha.

Pichi ni rahisi zaidi. Nyingi hujichavusha zenyewe, na kuna aina kama Flordaprince inayodai saa 150 tu. Nayo huitikia kupukutishwa. Adui yake ni inzi wa matunda, kwa hiyo funga matunda kwa mifuko ya karatasi yakiwa na ukubwa wa ndimu.

Parachichi ndilo tunda la ubaridi wetu

Nyanda za juu za Kigoma zina ubaridi usiotosha tofaa na unaotosha kabisa parachichi. Mparachichi haulali bwete, hauna saa za kudai; unachotaka ni hali ya hewa isiyochemka. Kuna makundi matatu. La milima ya Meksiko, lenye majani yanayonukia kama anisi, linavumilia hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri. La Guatemala linafuata. La tatu ni la nyanda za chini za joto, matunda makubwa, laini, yenye maji, kama mengi yanayoonekana mwambao wa ziwa. Aina iitwayo Hass ni mchanganyiko wa makundi mawili ya kwanza. Ndiyo sababu inapendeza Manyovu na kusinyaa Ujiji: kwenye joto matunda yake hubaki madogo na mengi hudondoka.

Kuna jambo moja la maua ambalo likieleweka linaokoa pesa. Kila ua la mparachichi hufunguka mara mbili, na kwa saa za kufunguka aina hugawanywa makundi mengine mawili, A na B. Aina za kundi A, Hass ikiwemo, hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka kesho yake mchana likiwa dume. Kundi B, kama Fuerte, hufunguka mchana likiwa jike na kesho yake asubuhi likiwa dume. Kwa hiyo asubuhi Fuerte ina chavua na Hass inaipokea. Mti mmoja wa Fuerte katikati ya minane au tisa ya Hass unatosha, nafasi ya mita 6 au 7 kila upande. Asubuhi za ukungu mzunguko huu huchelewa na kuvurugika, na nyuki hawatoki. Mizinga miwili pembeni mwa shamba inalipa kuliko mfuko wa mbolea, na watu wa Tabora ndio wa mwisho kuhitaji kufundishwa habari za nyuki.

Kinachoua mparachichi Buhigwe ni maji, wala si baridi. Kimelea cha udongo kinachofanana na kuvu hula mizizi myembamba, majani yanapauka na kuwa madogo, matawi ya juu yanakauka kuanzia nchani. Wenye shamba hudhani mti una kiu na kuongeza maji. Panda mtelemkoni, juu ya tuta la sentimita 40 hadi 50, na usilime karibu na shina maana mizizi iko juu juu.

Embe la Tabora na ubaridi wa Juni

Mwembe ni mti wa joto, lakini nao unahitaji ubaridi kidogo uweze kutoa ua. Tawi lililokomaa likikaa kwenye usiku wa chini ya nyuzi 18 na udongo mkavu, hugeuza macho yake ya majani kuwa ya maua. Tabora inatoa vyote viwili kwa pamoja: mvua hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, Juni usiku unapoa, hakuna tone la mvua. Miembe ya zamani iliyopangana Tabora na Ujiji haikubahatika tu.

Pandisha mwembe huohuo Manyovu uone. Alfajiri inaposhuka chini ya nyuzi 15 wakati wa maua, chavua hudhoofika na mti hutoa vitunda visivyo na kokwa, ukubwa wa yai, vinavyopukutika. Ukungu unaongeza chule, ule weusi unaokausha shada zima la maua, na ubwiriunga unaofanana na unga uliomwagwa. Kwa aliye juu ya mita 1,500, mwembe mmoja wa watoto unatosha. Ardhi iliyobaki mpe mparachichi.

Machungwa yako katikati: yanastawi kote. Ngozi yake haigeuki rangi ya chungwa mpaka usiku ushuke kama nyuzi 13, ndiyo maana chungwa la mwambao laweza kubaki kijani na likawa tamu kabisa, na la mlimani likang'aa huku linamkunja mlaji uso. Kwa mchanga wa Tabora chagua mche uliobebeshwa juu ya shina la limau. Mizizi yake huchimba mbali.

Ugumu unaohitajika Tabora

Tabora mti hauuawi na barafu. Unauawa na Septemba na Oktoba, joto likivuka nyuzi 30, mchanga mkavu hadi nusu mita, mchwa na moto wa nyika. Hapo ndipo neno kustahimili linapata maana yake.

Mchwa kwa kawaida huanza na kilichokufa au kinachokufa. Mche wenye kiu hunyong'onyea, gome hulegea, nao huja. Nyasi za matandazo zikigusa shina, umewajengea barabara. Weka matandazo unene wa kiganja, lakini yaache shubiri nzima kutoka kwenye shina, na ufagie udongo hapo uwe mtupu. Majivu ya jikoni husaidia mpaka mvua inyeshe, yaani kiangazi chote. Paka shina chokaa iliyochanganywa na maji. Jua la saa nane huchoma gome changa upande wa magharibi na jeraha hilo ndilo mlango. Fyeka barabara ya kuzuia moto ya mita 3 kabla Juni haijaisha.

Panda na mvua za kwanza za kweli, Novemba au Desemba, ili mizizi ipate miezi minne au mitano kabla ya kiangazi. Anayepanda Machi kwa sababu miche imeshuka bei anaipanda ife. Mwaka wa kwanza na wa pili mpe kila mti lita 20 kwa wiki. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa hadi shingoni sentimita 30 kutoka kwenye mche na kufunikwa kifuniko, huvujisha maji polepole chini ambako mchwa na jua havinufaiki.

Na miti ya miombo yenyewe isisahaulike. Mkusu, mbula, mtonga na mtalali imepita kiangazi hicho maelfu ya miaka bila chungu wala chokaa. Taasisi ya utafiti ya Tumbi, hapo hapo Tabora, imeshughulika na kuiingiza shambani miti hiyo ya porini. Mkusu una mambo mawili ya kujua: kuna mti dume na mti jike, na miche yake hudumaa kitaluni isipochanganyiwa udongo uliotolewa chini ya mikusu mingine, kwa sababu mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu zilizomo humo. Wa mbegu unaweza kukuweka miaka zaidi ya kumi. Uliobebeshwa kutoka kwenye mti jike unaojulikana unafupisha muda huo kwa zaidi ya nusu.

Vichaka havisumbui. Pesheni ya zambarau ni ya mlimani, kuanzia mita 1,200. Ya njano ni ya Kigoma mjini na mabonde ya joto, na ukizibadilishana zote mbili zitakunyima. Mgogwe utakubali Buhigwe ila matawi yake huvunjika kwa upepo, upande nyuma ya nyumba. Mforosadi hukubali popote, kwa kijiti cha sentimita 25 kilichochomekwa ardhini Novemba.

Ukiwa kwenye kitalu

Inua kiriba utazame chini. Mzizi mkuu ukiwa umejikunja au umetoboa na kuzama ardhini, mche umezeeka kitaluni. Tafuta kovu la kubebesha, sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo. Mkanda wa nailoni uwe umeshatolewa, vinginevyo utakaba shina. Majani chini ya kovu maana yake shina la chini linajiotea, na ukiliacha litameza ulichonunua. Usinunue mche usiotajwa jina la aina. "Tofaa ya kisasa" si jina.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina 60, udongo wa juu ukiwekwa kulia na wa chini kushoto. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza hadi ikapoa. Mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Ujaze, uache wiki mbili mpaka tatu ushuke, ndipo upande. Kovu la kubebesha libaki juu ya ardhi. Tofaa likifukiwa hapo huotesha mizizi juu ya kovu, na lile shina la chini ulilolilipia linakuwa halina kazi tena.